Sumu Ikimwagika Kiberege, Nani Alipe?

Tuchukulie lori lililosheheni viuatilifu limepinduka kati ya Kiberege na Signali, kwenye barabara itokayo Mikumi na Kidatu kwenda Ifakara. Madumu yamepasuka. Dawa imeingia mtaroni, mtaro umeimwaga kwenye mashamba ya mpunga, na maji ya mashamba yamefika kwenye kijito kinachokwenda Mto Kilombero. Kesho yake samaki wanaelea, mwenyekiti wa kijiji anapiga marufuku maji ya visima viwili vitatu, na wenye mashamba wamesimama barabarani wakiulizana: nani atalipa?

Tukio hilo ni la kubuni, ila swali ni la kweli. Orodha ya wanaoweza kulipa ni ndefu: dereva, mwenye lori, mwenye mzigo, kampuni ya bima, mwagizaji wa dawa, halmashauri, serikali kuu. Jina la mwisho, ambalo haliandikwi popote, ni la mkulima mwenyewe. Sheria ya Tanzania inasema mchafuzi alipe. Uzoefu wa nchi hii na wa majirani unaonyesha kwamba mara nyingi hulipa yule aliyekuwa karibu na sumu. Uchambuzi huu unatafuta mahali ambapo, katikati ya kifungu cha sheria na kisima cha kijiji, deni hilo hubadilisha mwenyewe.

Bonde lenye mengi ya kupoteza

Kiberege imekaa chini ya Udzungwa. Nyuma yake ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Mbele yake ni tambarare ya Kilombero, ambayo mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Mto Kilombero huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Kwa hiyo kinachomwagwa huku juu hakibaki huku. Kina safari ya kwenda Bwawa la Julius Nyerere, kisha kwenye mikoko ya delta.

Katika ukanda huo mwembamba kati ya mlima na mto zimebanana shughuli nyingi zenye kemikali. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, inakatiza bondeni kuelekea Mlimba na Makambako. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara ndiyo mlango wa mafuta, mbolea na dawa za shambani. Upande wa Kidatu kuna mashamba na viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero, yenye hisa za serikali pamoja na za Illovo, ambayo nayo iko chini ya Associated British Foods ya London. Kisha kuna miwa ya wakulima wa nje na mpunga usiohesabika, ambako kila msimu watu hubeba bomba mgongoni kupiga dawa ya magugu na ya wadudu. Kutaja shughuli hizi si kumshitaki yeyote. Ni kusema tu kwamba mahali hapa pana kila aina ya mtu ambaye sheria ya uchafuzi imemfikiria: msafirishaji, mwenye kiwanda, mwenye ghala, mwagizaji na mtumiaji mdogo.

Mkoa wa Morogoro hauhitaji kuhadithiwa gharama ya mzigo wa hatari kupinduka. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Msiba ule ulizungumzwa sana kama somo la umaskini na la ukaidi wa waliochota mafuta. Upande wake wa kisheria ulizungumzwa kidogo: anayesafirisha kitu kinachoua akikosea ana wajibu gani wa kulinda eneo kabla umati haujafika, na je, kosa la aliyechota linafuta kosa la aliyemwaga? Katika sheria ya madai jibu la kawaida ni kwamba kosa la mhanga hupunguza fidia, lakini si lazima liifute.

Sheria inasemaje

Msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Julai 2005. Kifungu cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinampa nafasi ya kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa. Kifungu cha 110 kinakataza kumwaga kemikali, mafuta au dutu yoyote ya hatari kwenye maji au sehemu nyingine ya mazingira kinyume cha utaratibu, na kinaigusa moja kwa moja mada yetu: mbali na adhabu, mahakama inaweza kumwamuru mkosaji alipe gharama za kuiondoa sumu, zikiwemo zile ambazo taasisi ya serikali imetumia kurejesha mazingira, pamoja na hasara ya watu wengine.

Pembeni ya sheria hiyo zimesimama nyingine. Kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yao ya mwaka 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Viuatilifu viko chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda mamlaka inayojulikana kwa kifupi TPHPA. Maji yana sheria ya mwaka 2009 na bodi za mabonde; Kilombero iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Mafuta ya petroli yako kwa EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na juu ya mazingira yote limekaa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Lori letu la kubuni lingekuwa limepinduka ndani ya mamlaka ya taasisi nne au tano kwa wakati mmoja. Kila moja ina uwezo wa kukagua na kuadhibu. Swali la nani anatangulia na koleo, na kwa fedha ya fungu gani, halina jibu la wazi namna hiyo.

Anayetaka mchafuzi alipe ana njia tatu. Ya kwanza ni jinai: mkosaji anashitakiwa, na mahakama ikimtia hatiani inaongeza amri ya kusafisha. Ya pili ni ya kiutawala: NEMC inatoza faini, inafifilisha kosa (yaani kulimaliza kwa malipo bila kwenda mahakamani), inafunga mtambo, au inatoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake. Ya tatu ni madai: aliyeumia anafungua shauri mwenyewe. Njia ya pili ndiyo nyepesi na ndiyo inayotumika zaidi, na ndani yake fedha hupotelea njiani, kama tutakavyoona.

Kanuni ya mwaka 1868

Kwenye njia ya madai, Tanzania imerithi kanuni ya kale ya Kiingereza. Sheria yetu ilipokea kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, na miongoni mwake ni ile ya kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyoamuliwa mwaka 1868. Mwenye kinu alijenga bwawa, maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani na kuufurika mgodi wa jirani. Mabwana wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, waliamua kwamba anayeleta kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, kwa matumizi yasiyo ya kawaida ya ardhi, atabeba dhima kikitoroka, hata kama hakuzembea.

Kwa mwanakijiji hii ni zawadi kubwa, maana kuthibitisha uzembe ndani ya ghala au kiwanda usichoruhusiwa kuingia ni kazi ngumu. Lakini kanuni hiyo ina milango ya kutokea. Mdaiwa anaweza kusema ni kudra ya Mungu, au ni kazi ya mtu baki asiyemdhibiti. Tena inahusu kitu kilichotoroka kutoka kwenye ardhi ya mtu, kwa hiyo lori lililo barabarani halikai vizuri ndani yake. Huko mdai hurudi kwenye uzembe wa dereva na dhima ya mwajiri wake.

Mwaka 1993 mlango mwingine ulifunguliwa huko huko Uingereza. Kiwanda cha ngozi karibu na Cambridge kilikuwa kimemwaga kiyeyushi kidogo kidogo kwa miaka mingi, hadi kikafika kwenye kisima kirefu cha kampuni ya maji. Kampuni ilitumia karibu pauni milioni moja kutafuta chanzo kingine, ikashitaki, ikashindwa. Malodi walisema kiwanda hakiwezi kudaiwa madhara ambayo mtu mwenye busara wa wakati ule asingeweza kuyaona mbele. Uamuzi huo haulazimishi mahakama zetu, bali una uzito wa kushawishi. Ukikubalika hapa, sumu iliyopenya ardhini taratibu kutoka kwenye maghala ya miaka ya 1970 itakuwa haina mlipaji.

Kuthibitisha ndiko kunakoshinda watu

Sheria ya ushahidi inamtaka anayedai athibitishe. Kwa uchafuzi wa maji, maana yake ni kuthibitisha mambo manne: kwamba sumu ipo, kwamba imetoka kwa mdaiwa, kwamba imeleta madhara haya, na kwamba kabla yake hali ilikuwa njema. La nne ndilo husahaulika, na ndilo linaloua mashauri. Kama hakuna aliyepima maji ya kisima kabla ya ajali, mdaiwa atasema kisima kilikuwa hivyo tangu zamani.

Mkoa wa Mara umetoa mifano miwili ambayo kila mwanasheria wa mazingira nchini anaijua. Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara yaliingia Mto Tigithe. Wananchi walisema watu na mifugo wamekufa. Kampuni ilikana vifo hivyo, ikaeleza kwamba wezi walikuwa wameiba plastiki ya kuzuia mvujo. Tazama utetezi huo kwa jicho la kisheria: ni mlango ule ule wa mtu baki. Jibu lake ni kwamba mwenye mgodi uliozungukwa na umaskini ana wajibu wa kutarajia wizi na kuuwekea ulinzi, lakini jibu hilo linahitaji mdai mwenye wakili.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samuel Manyele, nayo ikaeleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza hewa ndani ya maji. Mitandaoni ng'ombe waligeuka washitakiwa na taarifa ikawa kichekesho. Kisayansi, maji kukosa oksijeni kwa sababu ya uozo ni jambo linalotokea kweli. Tatizo lilikuwa kwamba jamii haikuwa na vipimo vyake vya kuthibitisha wala kupinga, na mtu wa pili wa kuaminika hakuwepo. Pasipo chanzo kilichothibitishwa hapakuwa na mdaiwa, na pasipo mdaiwa hapakuwa na fidia kwa wavuvi.

Ongeza hapo saa ya sheria. Madai ya madhara yana ukomo wa miaka 3. Sumu ya ghafla, kama ya lori, inaweza kuingia ndani ya muda huo. Sumu ya polepole huonekana pengine baada ya mtoto kumaliza shule. Anayetaka kuishitaki serikali, halmashauri au shirika la umma lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwenda Mahakama Kuu. Kutoka Kiberege, hiyo ni safari ya kwenda Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 150, kwa kila tarehe ya kutajwa shauri.

Faini haisafishi udongo

Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya mvujo wa bwawa la topesumu, na Julai mwaka huo ikaamuru bwawa hilo lisitumike. Hizo zilikuwa hatua kali, na baraza lilistahili pongezi kwa kuthubutu. Lakini faini ni adhabu. Huingia kwenye mfuko wa umma. Haimlipi mwenye ng'ombe aliyekufa, wala haichimbi udongo uliolowa sumu. Mwananchi anayesikia redioni kwamba mchafuzi ametozwa mabilioni hudhani hesabu imefungwa, kumbe hesabu yake yeye haijafunguliwa.

Mahakama zetu nazo zimewahi kumzuia mchafuzi bila kusafisha alipochafua. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishitaki jiji mwaka 1988 kwa ajili ya dampo lililowafukiza moshi na harufu. Katika shauri hilo la Joseph Kessy, Jaji Lugakingira alilikatalia jiji ombi la kuongezewa muda wa kutumia dampo hilo, akashangaa mamlaka ya umma kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakashitaki mwaka 1991, katika shauri la Festo Balegele na wenzake, wakashinda. Ushindi huo ulijenga hoja kwamba haki ya kuishi, iliyo katika Ibara ya 14 ya Katiba, inabeba pia mazingira yasiyoua. Ila taka zilihamishwa mtaa hadi mtaa.

Mfano unaoumiza zaidi uko Vikuge, Kibaha. Mwaka 1986 Tanzania ilipokea takriban tani 170 za viuatilifu kama msaada kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa tayari vimepitwa na wakati. Viliwekwa kwenye banda la wazi ambalo baadaye lilianguka, na dawa za wadudu za DDT na HCH zikanywea ardhini. Watafiti walioupima udongo miaka mingi baadaye walikuta viwango vya kutisha. Nani mchafuzi hapa? Mtoaji aliyetoa kilichozeeka, mpokeaji aliyekubali, au mtunzaji aliyekosa ghala? Kwa kuwa swali halikujibiwa, aliyelipa ni hazina na wafadhili. Tanzania iliingia katika Mpango wa Afrika wa kuondoa viuatilifu chakavu, uliozinduliwa mwaka 2005 kwa fedha za Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira Duniani. Kazi hiyo ni ghali: shehena hufungashwa upya, husafirishwa Ulaya na kuchomwa katika matanuri maalumu, kwa maelfu ya dola kwa tani moja. Kuondoa madumu ni hatua ya kwanza tu. Udongo ni hesabu nyingine. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wanasema. Katika sumu, mzigo mzito huachiwa mlipa kodi.

Wengine wamefanyaje

Kenya imetupa hukumu inayostahili kusomwa katika kila halmashauri yenye kiwanda. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwamwagia wakazi madini ya risasi kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliongoza mapambano. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na ikaamuru eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za kazi hiyo. Jambo jipya lilikuwa mgawanyo wa deni: sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 40, iliwekwa juu ya mamlaka ya mazingira yenyewe, kwa kuruhusu kiwanda kifanye kazi na kuchelewa kukizuia. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mantiki yake ni nzito: msimamizi aliyefumba macho ni mdaiwa pamoja na mchafuzi.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilifika karibu na hapo tarehe 5 Septemba 2023. Mwaka 2006 taka za sumu kutoka meli ya Probo Koala, iliyokodiwa na kampuni ya Trafigura, zilimwagwa kuzunguka Abidjan. Kampuni ilipatana na serikali ya Kodivaa kwa faranga bilioni 95, lakini wahanga wengi hawakuona kitu. Mahakama iliiona serikali imevunja haki za watu wake. Watanzania wanaifuata hukumu hiyo kwa mbali: serikali yetu iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, ingawa jengo lake liko kwetu.

Kuna pia njia ya kumfuata mzazi wa kampuni. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, kuishitaki London kampuni ya Vedanta kwa uchafuzi uliodaiwa kufanywa na kampuni yake tanzu ya migodi ya Konkola. Shauri lilimalizwa kwa mapatano mwaka 2021. Kwa bonde lenye makampuni ambayo mabosi wake wa mwisho wako ng'ambo, mlango huo ni muhimu. Ila ni mlango wa wachache wanaopata mawakili wa huko.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Baada ya mkasa wa taka za sumu wa Love Canal, ilitunga mwaka 1980 sheria ambayo haiulizi nani alizembea. Mwenye eneo wa sasa, aliyelimiliki wakati taka zinatupwa, aliyezizalisha na aliyezisafirisha wote wanadaiwa, na kila mmoja anaweza kudaiwa deni zima kisha akatafutane na wenzake. Sheria inarudi nyuma hadi miaka ambayo kitendo kilikuwa halali. Tena iliunda mfuko, uliojazwa kwa kodi ya mafuta na kemikali, ili serikali isafishe kwanza na kudai baadaye. Ina kasoro zake: kesi zimechukua miaka mingi, na kodi hiyo ilikoma mwaka 1995 hadi iliporudishwa kwa sheria za mwaka 2021 na 2022. Hata hivyo inafundisha jambo ambalo kwetu halijashika: aliye na koleo asisubiri hukumu.

Sumu isiyo na mwenyewe

Lazima tukiri mpaka wa sheria yote hii. Lori likipinduka lina namba za usajili. Sehemu kubwa ya sumu ya Kilombero haina. Ni mabaki ya dawa kutoka mashamba elfu moja, chupa tupu zilizotupwa kwenye kingo za majaruba, bomba lililooshwa mfereji ule ule unaochotwa maji, na wavuvi wachache wanaotia sumu mtoni. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa matumizi ya viuatilifu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, wakionyesha kwamba dawa za mashambani zina undugu wa kikemikali na zile zinazowekwa kwenye vyandarua, hivyo zinaweza kuchangia usugu wa mbu wa malaria.

Hapo dhima ya kisheria inagota. Mtoto aliyeugua malaria kwa sababu mbu wamekuwa sugu hana wa kumshitaki. Kumshitaki mkulima wa ekari mbili ni dhuluma, maana yeye ndiye wa kwanza kuvuta dawa hiyo kifuani. Kwa sumu ya namna hii mlipaji wa haki ni yule anayepata faida kabla haijafika shambani: mtengenezaji na mwagizaji. Nchi kadhaa huwatoza hao gharama za kukusanya na kuteketeza vifungashio tangu siku ya kuuza. Tanzania inaweza kufanya hivyo kupitia usajili wa viuatilifu bila kutunga sheria mpya kabisa.

Hukumu ya uchambuzi huu

Tatizo letu halipo katika kumtaja mdaiwa. Kifungu cha 110 kimemtaja vizuri. Tatizo ni kwamba fedha yake hutafutwa baada ya sumu kumwagika, wakati ambapo mwenye lori moja amefilisika, kampuni imebadili jina, au mtoaji wa msaada yuko Ulaya. Bima ya lazima ya magari ilibuniwa kwa ajili ya vifo na majeraha ya barabarani. Haikukusudiwa kuondoa udongo wa shamba zima na kuchimba visima vipya.

Mambo matatu yangebadilisha hali hiyo. Kwanza, kila anayesafirisha au kuhifadhi shehena kubwa ya kemikali au mafuta aonyeshe bima au dhamana ya kusafisha kabla ya kupewa kibali, kama wenye migodi wanavyotakiwa kuweka dhamana ya kufukia mashimo yao. Pili, sehemu ya kila faini ya uchafuzi irudi kisheria mahali palipochafuliwa. Mfuko wa Taifa wa Mazingira upo katika sheria tangu mwaka 2004. Upewe chanzo cha fedha kisichohamishwa na uruhusiwe kusafisha kwanza, kisha umdai mchafuzi. Tatu, maji yapimwe kabla ya shari. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ichukue sampuli kila mwaka kwenye visima na mito ya Kiberege, Signali, Mkula, Sanje na Mang'ula, na nakala ya majibu ibandikwe ofisi ya kijiji.

La tatu halihitaji Bunge. Halmashauri ya Mji wa Ifakara inaweza kulianza pamoja na bodi hiyo katika bajeti ijayo, kwa gharama ndogo kuliko shauri moja la Mahakama Kuu. Wananchi wa Kiberege walidai sasa, katika mkutano mkuu wa kijiji, na liandikwe kwenye muhtasari. Siku lori litakapopinduka kweli, karatasi hiyo ya vipimo ndiyo itakayokuwa shahidi wao wa kwanza, na pasipo hiyo watalipa wenyewe.